Mama mkwe anasema kompyuta inampika mtoto

SWALI: Shikamoo mzee wetu, pole na majukumu. Mi ni mdada wa steshenari hapa Dodoma, nataipu na kuprinti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na sa hivi nina mimba ya miezi mitano. Ikifika saa tisa macho yanawaka kama nimekata vitunguu, kichwa nacho kinagonga. Mama mkwe kanikalia kooni niache kazi, eti mionzi ya kompyuta inampika mtoto tumboni. Bosi kaweka dungusi kakati pembeni ya monita anasema linanyonya mionzi, alafu juzi kapita kijana kaniuzia stika ya kubandika nyuma ya simu, elfu kumi na tano, inazuia mionzi asilimia 99. Nimeliwa au?

JIBU: Marahaba binti yangu. Umeliwa.

Simu inaongea na mnara kwa mawimbi ya redio, sasa stika ikizuia asilimia 99 ya hayo mawimbi si mtandao ungeyumba hapo hapo? Piga simu ikiwa na stika, ibandue, piga tena. Ukiona hakuna tofauti ujue hamna ilichozuia. Na hata ingezuia kidogo simu ingeongeza nguvu ili isikike mnarani, ndo maana ukienda kijijini ukashika kimstari kimoja betri inaisha upesi. Dungusi nalo libaki kama ua, maana mwanga unaotoka kwenye monita unakuja usoni kwako moja kwa moja, haupiti kwenye chungu kwanza.

Mi nimefanya kazi chumba cha eksirei miaka mingi, nimevaa sana yale maaproni mazito ya madini ya risasi, na kila mama aliyeingia tulimuuliza kwanza kama ana ujauzito. Mionzi ile ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, inaweza kuharibu chembe za urithi. Mwanga wa skrini na mawimbi ya waifai hayana ubavu huo, tatizo jina ni moja, mionzi, basi mtu akisikia anawaza eksirei au ile urani, madini yenye mionzi, ya kule Bahi. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba wamarekani walishaogopa hivyo hivyo miaka ya 1980 enzi za monita za chogo, taasisi yao ya serikali ya usalama kazini ikawalinganisha wanawake wa kampuni za simu waliokaa kwenye monita na wasiokaa, majibu yakatoka 1991: mimba kuharibika hakukuwa na tofauti. Akikwambia WHO wamesema simu ina kansa, ni kweli 2011 shirika lao la utafiti wa saratani liliweka mawimbi ya redio kundi la 2B, yani "huenda yanaleta saratani", na baadae kundi hilo hilo yakaingizwa maji ya jani zima la alovera. Ukiwa na wasiwasi ongea kwa spika.

Macho sasa. Mtu akikodolea skrini anasahau kupepesa, jicho linakauka, ongeza upepo wa Dodoma na vumbi lake na feni ambayo naamini bosi kaielekeza usoni kwako. Geuza feni. Dirisha liwe ubavuni, sio mgongoni wala mbele, monita ishuke kidogo chini ya usawa wa macho. Kila dakika 20 angalia mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20, waangalie bodaboda ng'ambo ya barabara huku unapepesa. Na usikae masaa kumi kama umegundishwa, inuka utembee, miguu ya mjamzito haitaki hivyo.

Ila hicho kichwa ndo kimenifanya niijibu barua yako kabla ya zingine. Mimba ya miezi mitano na kichwa kinagonga, usisingizie kompyuta, kesho nenda kliniki wakupime presha na mkojo. Kikiuma sana, au ukaona ukungu, au uso na mikono vikavimba, usisubiri kesho, nenda siku hiyo hiyo hata kama kuna foleni ya wanafunzi wanataka kuprinti. Kifafa cha mimba kinaanzaga hivyo.

SWALI: Nipo Mpwapwa, TV yangu ni ya chogo bado, mjukuu wa miaka 8 anaisogelea mpaka pua inagusa kioo. Mionzi haitamuumiza?

JIBU: Hizo za chogo ndo zilikuwa na kaeksirei kweli, 1967 General Electric walizirudisha TV zao za rangi Marekani kwa sababu hiyo, ila baada ya hapo sheria ikabana na kile kioo kizito cha mbele kinazuia. Mi naogopa kingine mzee mwenzangu. Mtoto anayesogelea TV hivyo mara nyingi haoni mbali, muulize mwalimu wake kama ubaoni nako anakodoa, alafu mpeleke akapimwe macho.