Barua kwa mwanangu: Nani alilisoma Sauti ya Siti

Mwanangu,

Umeniuliza kama Sauti ya Siti lilikuwa jarida la wanawake wote au la wasomi wa Dar es Salaam. Waliolianzisha walikuwa wasomi, hilo halina ubishi: wanahabari wa TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, akina Fatma Alloo, waliounda chama chao 1987 na mwaka uliofuata wakatoa jarida. Bara hatukuwa na televisheni, na redio ilikuwa ya serikali. Ila mimi ningeuliza nani alilisoma. Shangazi yako alilisoma, na kusoma kwenyewe kulimpa tabu.

Jumamosi alikuwa akija kwetu Magomeni, ananiambia, “Wifi, hebu nifungulie huyo Siti.” Nasoma, yeye anachambua mchele. Siku hiyo ilikuwa habari ya wake wanaopigwa, na unajua alivyoishi Buguruni na yule mumewe wa kwanza. Nilipomaliza akasema, “Rudia.” Nikarudia. Ndipo akaingia baba yako mkubwa, akalitwaa mikononi mwangu, akasema mambo ya ndani hayaanikwi, akalikunja na kulisokomeza chini ya mguu wa ile meza iliyokuwa ikicheza. Nikamwambia Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mtu kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Akacheka. Baba yako alikuwapo, akaendelea kumenya chungwa. Ah, lile chungwa! Mpaka leo.

Mimi husema, lisiloandikwa hukanwa. Ingawa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja ambaye jarida lilichukua jina lake, hakuandika, aliimba: mwanamke aliuawa Unguja, muuaji akavukia bara, wakafungwa wengine, na kisa hicho hakuna aliyeweza kukikana. Hapo najipinga mwenyewe, naona. Lakini Siti alikuwa mmoja. Sisi tusio na sauti ile tunahitaji karatasi. Lisiloandikwa hukanwa, nabaki hapo.

Mwaka 1990 binti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na wanaume wa chuoni, na TAMWA hawakunyamaza. Kelele zao na za wenzao zilisaidia kuzaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998: mbakaji, kifungo kisichopungua miaka 30. Mke anayeishi na mumewe hakuhesabiwa humo. Mambo ya ndani ya shemeji yangu yalifika hadi bungeni!

Shangazi yako aliondoka Buguruni mwaka uleule aliosomewa. Baba yako anasema alikwisha kuchoka, jarida halihusiki. Huenda. Mtu hachoshwi na karatasi. Lakini hata kuchoka… basi, niishie hapo, utasema napendelea. Ukienda Tanga sikukuu ya Idi muulize mwenyewe. Na umuulize nani alilichomoa lile jarida, maana kulipokucha nililikosa, na meza ilikuwa ikicheza vilevile.

Mama yako