Nyinyi wapya wa jeli, hebu tuongee kuhusu ile chupa ya stoki

Haya jamani, wiki hii nimepitia madaftari yenu yote, moja moja, na kila ukurasa nakuta sentensi ile ile: "changanya, koroga, wacha ikae kwenye joto la chumba." Chumba gani? Saa ngapi? Hapa ni Mombasa, kaskazi imekaza, stima ikipotea AC inazima na baada ya muda mfupi maabara iko 31, ikirudi mtu anaiweka 18 na hewa inampiga yule aliye karibu na mlango peke yake, halafu wewe umeandika joto la chumba ukatulia. Nawapenda, wallahi, mwajituma sana, kuna siku nafika kutoka ferry nakuta mshawasha mizani na mko kazini, lakini kwa hili nimechoka kusema mmoja mmoja, kwa hivyo naandika mara moja mlisome wote.

Kitu cha kwanza kabisa muelewe kwa nini mie napiga kelele. Mkitengeneza dawa ya kawaida, bondi, yaani vifungo kati ya atomi, zikishafungika zimefungika, joto likikosewa kidogo utapata pungufu lakini kitu ni kile kile. Sisi wa jeli hatufungi bondi mpya. Molekuli zetu zinajipanga zenyewe kwa bondi za haidrojeni, kwa pete za benzini kulaliana, kwa sehemu zinazochukia maji kukimbiliana, na hizo nguvu zote ni dhaifu, zinasikiliza joto, chumvi, pH, hata kasi ya mkono wako. Molekuli ile ile, kiasi kile kile, njia mbili tofauti, unapata vitu viwili tofauti na vyote vinaweza kukaa hapo wiki nzima vikikuangalia. Kikundi cha Meijer kule Eindhoven walilionyesha hili wazi 2012, molekuli moja ina njia mbili zinashindana, ile ya haraka inakula molekuli zote kabla ya ile imara kupata nafasi. Na 2016 kikundi cha Stupp, Northwestern, Marekani, walichukua peptidi (mnyororo mfupi wa amino asidi) moja yenye mkia wa mafuta, wakabadilisha chumvi na namna ya kuipasha moto tu, wakapata nyuzi ndefu zinazosaidia seli kushika na kuishi, na nyuzi fupi zinazoua seli. Peptidi hiyo hiyo! Sasa mtu akija kuniambia "mwalimu, jina la kampaundi si nimeandika", mie namjibu jina halitoshi.

Mwajua vile tui likikatika. Nazi ni ile ile, chumvi ni ile ile, lakini ukiliacha lichemke bila kukoroga mafuta yanajitenga na hakuna mtu atakayelirudisha. Hakuna mpishi hapa Mombasa anayeandika "tia tui" akaishia hapo, atakwambia tui gani linatangulia, moto wa kiasi gani, na ukoroge mpaka lini. Nataka madaftari yenye adabu hiyo.

Basi twende.

1. Joto ni namba. Kipimajoto kimetundikwa pale juu ya sinki, andika ulipoanza na ulipomaliza, na kama stima ilipotea katikati andika pia, hata kama unaona haikuathiri kitu.

2. Stoki, yaani ule mchanganyiko mzito tunaouzimua baadaye. Hapa nitakaa kidogo, samahani.

Kabla nyinyi hamjaja tulikuwa tunafanya Fmoc-FF, peptidi fupi ya kutengenezea jeli, kwa njia ya DMSO, kile kiyeyushi chetu, hii hii mnayofanya nyinyi, stoki ya mg 100 kwa mililita, unazimua kwa maji mpaka mg 5. Ikiwa nzuri mwaijua ilivyo: tone likigusa maji panakuwa peupe, unadhani umeharibu, halafu ukiitulia weupe unaondoka polepole kutoka chini na unabaki na jeli angavu unayoweza kusomea gazeti kupitia kwake. Sasa ile poda ni ghali na inatoka nje, na mpaka itoke mzigoni nywele zimeota mvi, kwa hivyo ikaonekana ni busara kutengeneza stoki moja kubwa tusipoteze poda kwenye mizani kila siku. Mie ndiye niliyeitengeneza. Chupa ya kahawia, lebo safi, tarehe, kila kitu, ikakaa juu ya benchi karibu na dirisha na kila mtu akawa anaifungua, anavuta na pipeti, kifuniko anakiweka pembeni mpaka amalize kazi yake.

Mwanzoni jeli zilikuwa nzuri sana. Kulikuwa na dada mmoja wa masta, sura nzima ya tasnifu yake ilikuwa ni ugumu wa hizo jeli kwenye reomita, mashine inayoupima. Miezi ikienda namba zake zikaanza kushuka, halafu zikawa hazifanani hata za siku moja, halafu jeli zikaanza kubaki nyeupe, ukiinamisha kichupa zinaporomoka, na ukiangalia kwa hadubini ya kawaida unaona vijiti vya fuwele. Tukalaumu pipeti, zikapimwa, ziko sawa. Tukalaumu reomita. Tukamwandikia barua ya ukali muuzaji wa poda, naye akajibu kwa upole na cheti cha usafi wa ile bechi, hakina doa. Ndipo nikafanya jambo ambalo bado linaniuma: nikamwambia yule dada, mbele ya wenzake, kwamba hana mkono mtulivu, ajifunze kuzimua upya. Hakunijibu. Akaanza kuja mpaka Jumamosi na Jumapili kurudia vipimo, na namba zikazidi kuwa mbaya kwa sababu kila akija stoki imezeeka zaidi.

Aliyetutoa ni teknishian wetu, mzee ambaye wengi wenu mwampita bila hata salamu, acheni tabia hiyo. Alichukua kidogo kutoka kwenye chupa yetu, akachukua DMSO mpya kutoka chupa iliyofungwa, akaweka vyote viwili kwenye friji usiku. DMSO safi inaganda kwenye digrii 18 na nusu hivi. Asubuhi akatuita. Ile mpya ilikuwa jiwe, unagonga inalia. Ya kwetu ilikuwa maji tu, inatikisika. DMSO inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya hapa mwaijua, chumvi mezani inalowa, sasa ile chupa ilikuwa imekunywa maji kila kifuniko kilipokuwa pembeni, na maji ndiyo ile ile dawa tunayotumia kuziambia molekuli zianze kujipanga! Kwa hivyo ndani ya chupa, kabla hata ya kumwagwa popote, zilikuwa zishaanza kushikana. Yule dada alikuwa anavuta mabonge mabonge anadhani anavuta molekuli moja moja, na mabonge yakiingia kwenye kichupa yanakuwa mbegu, kila kitu kinajengeka juu yao kwa umbo lao.

Na tulikuwa tushaambiwa. Reches na Gazit, 2003, neli za diphenylalanine (peptidi ya amino asidi mbili), wanazimua kutoka mg 100 hadi mg 2, na wamesema kwa maneno mepesi kabisa stoki itengenezwe upya kwa kila jaribio zisije zikashikana mapema. Ile makala ilikuwa imebandikwa ukutani kwetu.

Tulitengeneza stoki mpya na jeli ikatoka angavu siku hiyo hiyo, kwa mkono wa dada yule yule. Lakini sura nzima ikaenda, kwa sababu hakuna aliyeandika namba ya siku za stoki, hatukuweza kusema jeli ipi ilitoka kwenye stoki kavu na ipi kwenye stoki iliyolowa. Mahafali yake yakasogea. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliokuwepo nilipomsema, naye akanisamehe kwa moyo mweupe kuliko nilivyostahili, ila wakati wake hakuna wa kumrudishia. Ndiyo maana nikiona chupa ya DMSO iko wazi sipendi kabisa na mnaona uso wangu unabadilika.

Kwa hivyo: stoki ndogo, ya siku hiyo, inayobaki inamwagwa kwenye taka za kemikali. Chupa ya DMSO ikae kwenye desiketa, lile chombo la kukaushia, na poda ikitoka friza iacheni ipate joto la hewa kwanza ndipo mfungue, ukiifungua baridi unyevu unatua juu yake kama hujui. Na wale wanaokaa chumba cha AC, mkiikuta DMSO imeganda msiitupe, hiyo ni habari njema.

3. Maji. Suuza ya mwisho ni maji yaliyosafishwa, kila mara, hata siku ambayo mtambo umezima na una haraka. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe, maji ya kisima yana chumvi na kalsiamu, na kuna dipeptidi zenye kichwa cha naftalini ambazo kwenye pH ya juu zinakuwa miseli, yaani mikusanyiko ya molekuli, ndefu kama minyoo, zikipata kalsiamu tu zinashikana na kuwa jeli. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja mbio amepata jeli bila ile asidi tunayotumia kuigandisha, furaha tele, tukaosha chupa vizuri na jeli ikapotea. Alihuzunika, lakini akageuza ikawa mradi wake, anaongeza kalsiamu kwa kipimo, na sasa hivi ndiye anayejua kalsiamu kuliko mie.

4. Asidi ya HCl kwa tone inafanya mabonge pale ilipodondokea, tumieni GDL (glukono-delta-laktoni, poda) kama Dave Adams na wenzake walivyoonyesha tangu 2009, inayeyuka na kugeuka asidi polepole kila mahali kwa pamoja. Joto likipanda inageuka haraka zaidi, rudini namba moja.

5. DLS, kupima ukubwa wa chembe kwa mwanga: chujeni. Chembe iliyo kubwa mara 10 inatawanya mwanga mara milioni moja, kwa hivyo punje moja ya vumbi inaficha miseli zako zote, na ile mashine inadhani kila kitu ni duara kama mpira, usije ukaniletea "kipenyo" cha nyuzi.

6. Kupindua kichupa si reolojia, yaani si kupima ugumu na mtiririko. Ni salamu tu. Tafuta kwanza jeli inavumilia kuvutwa kiasi gani, ndipo upime G' (ugumu wake) na G'' (inavyotiririka).

7. Wengine mmeniuliza, tena kwa heshima, haya yote ya nini, si tupate jeli tu inatosha. Sikilizeni. Lanreotide ni peptidi ya amino asidi 8, ndani ya maji inajipanga kuwa neli za upana wa nm 24, na mgonjwa mwenye homoni ya ukuaji iliyozidi anachomwa kila wiki 4 kwa sababu ule mkusanyiko wenyewe ndio unaoachia dawa kidogo kidogo. Na zile chanjo za mRNA za 2021, tulizopanga foleni wengi wetu: lipidi, yaani mafuta, ziko kwenye ethanoli, RNA iko kwenye maji yenye asidi, zinakutanishwa kwa kasi kubwa kwenye mfereji mwembamba, lipidi zinapata chaji na kuikamata RNA, halafu ethanoli inaondolewa na pH inapandishwa. Ukichanganya polepole unapata chembe kubwa zaidi. Viungo vilikuwa vinajulikana, lakini bila ile namna ya kuchanganya hakuna chanjo. Mtu aliyeandika kasi ya kuchanganya kwenye daftari lake ameokoa watu, na nyinyi mnaniandikia "koroga".

8. Gridi za hadubini ya elektroni, vile vijiwavu vya kuwekea sampuli. Tunazituma mbali, tunasubiri, kwa hivyo zikiharibika zimeharibika. Usitie rangi ya uranili asetati (ina urani) juu ya sampuli yenye bafa, yaani maji ya kushikilia pH, ya fosfati, uranili na fosfati zinashuka pamoja na utaona sindano nyeusi nzuri sana ambazo si zako. Osha fosfati kwanza au badilisha bafa. Na kumbuka gridi imekauka, chumvi ikikauka inajipanga nayo, nyuzi zikikauka zinalaliana, kwa hivyo kila sampuli iende na gridi ya pili ya bafa tupu, iliyotiwa rangi ile ile na mkono ule ule. Uranili ina mionzi kidogo na ni sumu, glavu, na taka zake zina chupa yake yenye kibandiko cha njano, kamuulizeni mzee, na mumwamkie.

Kwenye karatasi ya sampuli nimeongeza safu tatu: umri wa stoki, joto la mwanzo na la mwisho, na mpangilio wa kumimina, nini kilitangulia na kwa kasi gani. Bahasha inaondoka Alhamisi. Ambaye hana gridi ya bafa tupu au ameacha safu wazi, sampuli yake itangoja awamu ijayo, hata kama ni wa mwaka wa mwisho.