Hati ya kiapo haisafishi mlango wa wizi

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya makumbusho madogo ya jamii huku pwani ya Kenya. Bwana mmoja ametuletea mlango wa nakshi wa zamani pamoja na fremu yake, anataka shilingi 250,000. Anasema tusipouchukua sisi, kuna mteja wa nje anausubiri. Ana hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili kuwa mlango ni mali yake. Kamati inaona tuuokoe. Pesa hatuna, kwa hiyo tumefikiria kuuza baadhi ya vitu tulivyo navyo vingi, kama mbuzi za kukunia nazi na vinu, na sinia kubwa la shaba tulilopewa na familia moja zamani. Pesa itakayobaki tutaezekea paa la makumbusho. Kisheria tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu Katibu, anzeni kwa kutonunua. Na hilo sinia lirudi kabatini, tutalifikia.

Kwanza ile hati, maana ndiyo inayonichosha kuliko yote. Hati ya kiapo inathibitisha jambo moja tu: kwamba mtu fulani alikwenda mbele ya wakili akaapa kuwa asemayo ni kweli. Wakili hakuuona mlango. Hakufika kwenye nyumba ulikotoka, wala hakumuuliza jirani. Hebu isomeni tena sehemu inayoueleza mlango wenyewe. Nyingi ninazoletewa huandika "mlango mmoja wa mbao wa kale" basi, bila vipimo, bila picha, bila kutaja mtaa. Karatasi ya namna hiyo hufuatana na mlango wowote, na mwenye nayo akishauza huu wa leo, ataitoa tena kwa ajili ya mwingine. Siku hizi wamezuka pia wanaouza "vyeti vya uhalisia" kwa simu: unatuma picha, unalipa, unapata cheti chenye nembo ya kupendeza. Mtu anayepima umri wa mbao kwa picha ya WhatsApp hapimi mbao, anapima mfuko wako.

Mwulizeni bwana huyo yale ambayo mwenye mali hashindwi kujibu. Nyumba ipi, mtaa upi, ilikuwa ya nani? Ulitolewa mwaka gani, na fundi gani? Mahali pake sasa pana nini? Warithi ni wangapi, na wote wanajua? Nyumba kongwe za pwani mara nyingi ni za ukoo mzima. Kijana mmoja anaweza kuapa kwa moyo safi kabisa kuwa mlango ni wake, huku shangazi zake walioko Mombasa na Maskati hawana habari. Na nyumba ikiwa ya wakfu, hata shangazi wakiridhia bado mambo hayajaisha.

Kisha ulazeni mlango kifudifudi, kwa sababu upande wa mbele ndio anaotaka muutazame. Angalieni miimo ya fremu, zile nguzo za pembeni, hasa ncha za chini. Fremu ya mlango wa zamani hujengewa ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, haichomoki kama jino bovu. Nyumba iliyobomolewa kwa utaratibu hutoa miimo mizima, michafu mgongoni kwa chokaa kuukuu. Mkikuta ncha zimekatwa kwa msumeno, mbao ya ndani bado nyeupe na chokaa imevunjika upya, basi kuna aliyekuwa na haraka. Kuvunja ukuta kunachukua muda na kuna kelele; msumeno ni dakika chache.

Au huenda kisa ni kingine, mlango ni mpya umezeeshwa. Pitisheni njiti ya meno ndani ya mtaro wa nakshi. Mlango wa kweli utatoa vumbi lililogandamana na mafuta na rangi za tabaka tabaka. Ule uliopakwa oili chafu ya gari huacha weusi kwenye njiti, na chini yake mbao changa. Tazameni pia palipo tumbuu, ile pete ya chuma, na mnyororo. Chuma kikipiga mbao miaka na miaka huchimba alama yake, na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, hulainika pale mikono inapopita. Waghushi wengi huchonga maua vizuri mno lakini hilo husahau.

Sasa sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inavitaja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Havitoki nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo yule "mteja wa nje" anayetumika kuwatisha ni mteja asiyeweza kuuchukua mlango kihalali, isipokuwa Serikali imeridhia kwa maandishi. Muuzaji anapowaambia atampa huyo msiponunua, anawaeleza mpango wa magendo mchana kweupe, na nyinyi mnakaa kikao cha kutafuta pesa! Pigeni simu ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu nanyi. Walioko Tanzania Bara wana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, nayo mwaka wake kwa milango ni 1940. Zanzibar ina sheria yake.

Nalijua jibu la kamati: "Lakini tukiuacha utapotea." Hapa ndipo huwa navuta pumzi. Mlango huo umeshapotea. Ulipotea siku uliyotolewa ukutani bila mtu kuandika ulikuwa wapi. Mtakachonunua ni mbao nzuri isiyoweza kumwambia mgeni wenu chochote. Na madalali wanaongea. Ikijulikana kwamba makumbusho fulani yanatoa laki mbili na nusu bila maswali mengi, hiyo ni oda ya mlango wa pili, nao bado uko kwenye nyumba ya mtu. Kila anayenunua ili kuokoa ndiye anayeweka bei ya wizi unaofuata.

Wala msidhani kupewa bure kunasafisha. Vigango vya Wagiriama, nguzo zile zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wa chama cha gohu, viling'olewa kwa wingi huko Kilifi na kwingineko, vikapita kwa wafanyabiashara wa sanaa, wakavinunua matajiri wa Marekani, nao wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Makumbusho yakapokea kwa shukrani, na barua za zawadi zipo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kuonekana kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vilitambuliwa kwa sababu mtafiti Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha kwenye boma lao, mwenye boma akiwa amesimama kando yake, muda mfupi kabla ya wizi. Vilirudi 2006 na 2007. Bila picha ile, hakuna ambaye angesikilizwa. Makumbusho mengine yenye vigango bila jina la boma hata leo yakitaka kurudisha hayajui yampe nani.

Kama mnataka mlango kwa ajili ya wageni, nendeni Lamu mkamwagizie fundi achonge. Pigeni picha kila hatua, andikeni jina lake, alikojifunza kazi, aina ya mbao na bei. Mtakuwa na kitu chenye nasaba kamili, na fundi atakuwa amekula. Sioni kwa nini kamati nyingi huona aibu kuweka kitu kipya.

Tuje kwenye sinia. Mlipewa kwa sharti gani: zawadi, mkopo, au amana ya kutunziwa? Tafuteni karatasi. Kama haipo, iendeeni familia kabla ya dalali. Baraza la mji wa Northampton, Uingereza, liliuza sanamu ya Misri ya kale ya Sekhemka mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 15 ili kupanua jengo la makumbusho. Ukoo wa aliyetoa zawadi hiyo katika karne ya 19 ulidai haki yake ukapata fungu nono, na makumbusho yakavuliwa ithibati mwaka huohuo. Paa ni kazi ya bajeti, harambee na kaunti. Kanuni za maadili za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ziko wazi kwamba pesa ya kitu kilichotolewa kwenye makusanyo hurudi kwenye makusanyo, wala haigeuki mabati. Tena mjumbe wa kamati haruhusiwi kukinunua, yeye wala mkewe wala shemeji yake. Najua mtacheka, lakini kamera na sinia huishia sebuleni kwa mwenyekiti mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Hizo mbuzi na vinu, hakikisheni kwanza kuwa kweli vimejirudia. Mbuzi ya Faza, kaskazini mwa pwani, na ya Vanga, kusini, zinaweza kutofautiana umbo, na hilo ndilo mwanafunzi atakuja kuliuliza. Vinavyozidi wapeni shule au makumbusho wenzenu kabla ya kufikiria soko. Uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na sababu, picha na anayekipokea. Kwenye daftari la makusanyo msichane ukurasa wala kupaka wino mweupe: pigeni mstari mmoja wa wino mwekundu unaosomeka chini yake, andikeni tarehe na saini mbili. Namba ya kitu kilichoondoka haipewi kingine.