Jibu: Zimwi aliyetubu ataishije Dar?

Mkuu, umeuliza utachekeshaje kwenye katuni ya mazimwi walioacha kula watu wakahamia Dar. Usihangaike na meno na mapembe, wabane na maisha. Zimwi anatafuta chumba Mbagala: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, serikali ya mtaa wanataka barua ya alikotoka, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanataka alama za vidole. Vidole vyenyewe kucha tupu! Hapo tu una kurasa nne.

Popobawa, yule zimwi wa mabawa ya popo anayesemekana kuvamia watu usiku wakilala ndani, usimwache. Mwaka 1995 alipovuma Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakimkwepa. Sasa katubu, kapanga Manzese. Umeme unakatika usiku, joto la Januari, majirani wote wanatoa mikeka nje. Yeye anajua ni kwa ajili yake! Anapita mkeka kwa mkeka kuomba radhi, hakuna anayeshtuka. Mama mmoja anamwambia: "Baba, na mabawa yote hayo umesimama tu? Si utupepee."

Jini mahaba mimi ningemtoa, kachorwa mpaka kachuja. Ila konda wa daladala muhimu, na asimwogope mtu: "Mzee, kunja mabawa, au lipa siti mbili."