Kituruki: "ilikuwa" yao inakaa mkiani

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu amekata "hastadı" yako akaandika "hastaydı" (alikuwa mgonjwa). Hiyo y ilinitesa na mimi mwaka wa lugha kule Ankara, kabla sijaanza chuo.

Sisi tunasema "nilikuwa mgonjwa", sifa inakuja mwisho. Mturuki anaanza na sifa, mengine anayafunga nyuma: hasta-y-dı-m. Isome kutoka mkiani uone: mimi, wakati uliopita, kuwa, mgonjwa. Kiswahili chako kimo humo, kimegeuzwa tu. Zamani hiyo "ilikuwa" ilikuwa neno la peke yake, idi, na vitabuni bado utakuta "hasta idi". Likigandishwa kwenye neno linaloishia irabu, i yake ya mwanzo inabaki kama y: kapalıydı, eskiydi, doluydu. Kwenye konsonanti inaondoka: güzeldi, uzundu.

Irabu ya mwisho (dı, di, du, dü) usiikariri kwa jedwali, mdomo utazoea. Ila d kugeuka t inabidi uishike. Wenyewe wana kamsemo, Fıstıkçı Şahap, yaani Şahap muuza pistachio. Neno likiishia na konsonanti yoyote ya humo (f, s, t, k, ç, ş, h, p), d inakuwa t. Küçüktü, boştu, sıcaktı. Kukanusha ni rahisi: hasta değildim. "Palikuwa na" ni vardı, "hapakuwa na" ni yoktu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusahau mkia kabisa. Siku moja mwalimu aliniuliza "Dün neredeydin?", jana ulikuwa wapi. Nikajibu kwa kujiamini: "Dün hastayım." Yaani jana mimi ni mgonjwa! Akasema "Geçmiş olsun", akaniambia nirudi nikapumzike. Na pole yao hiyo, ukiitafsiri neno kwa neno, ni "iwe imepita", kwa hiyo mpaka leo sijui kama alinipa pole au alinisahihisha.

Angalia pia mkazo. Açtım ukiikazia mwanzo ni "nilikuwa na njaa", ukiikazia mwisho ni "nilifungua".

Halafu usichanganye na mkia mwingine, -mış. Çorba (supu) güzeldi: niliinywa, ilikuwa nzuri. Çorba güzelmiş: nimesikia ni nzuri, au ndiyo kwanza naonja, kumbe nzuri! Wazungu darasani walihangaika nayo wiki nzima. Sisi tuna "eti" na "kumbe", mimi hiyo niliielewa siku hiyo hiyo.

Mazoezi yangu yalikuwa ya kwenye basi jioni, kimoyomoyo: hava soğuktu (kulikuwa na baridi), otobüs doluydu (basi lilikuwa limejaa), ben yorgundum (nilikuwa nimechoka), para yoktu (hapakuwa na pesa). Hiyo ya mwisho sikuwahi kuikosea.