Kupima mikoko kwa chai na nauli: jibu la mtu wa topeni

Mleta uzi ameuliza hivi: kijijini kwao, upande wa Pangani, Tanzania, wamekuja watu wa mradi wanaotafuta vijana na kina mama wa kujitolea. Kazi ni kupima mikoko, kuhesabu miche na visiki, kisha kuingiza kila kitu kwenye simu. Mshahara hakuna. Kuna nauli, chai na fulana. Anataka kujua kama hiyo ni kazi ya maana au ni kutumiwa.

Wengi waliotangulia wamemjibu "achana nao". Mimi nitamjibu kwa kirefu, mnivumilie, kwa sababu kazi hiyohiyo naifanya tangu 2015 huku kwetu kusini mwa Mombasa. Nimeshatumiwa na nimeshafaidika, yote mawili.

Kwanza kazi yenyewe, maana nahisi baadhi ya waliojibu hawajawahi kuiona. Mikoko huipimi siku unayotaka wewe. Unafuata bamvua, zile siku maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu siku za maji mafu bahari haitoki ya kutosha. Kwetu bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Mnaingia saa mbili na nusu maji yakiwa bado yanatoka, na saa sita na nusu kila mtu awe ameshaanza kurudi. Ukichelewa, unarudi na daftari kichwani lisiloe.

Mnatandika kamba mraba wa mita 10 kwa 10. Mmoja anashika mkanda, mmoja anataja, mmoja anaandika. Mti unapimwa mzingo wake usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini, halafu unagawanya kwa 3.14 upate upana. Ni rahisi ukiwa kwenye mchu au mlilana, ambazo ni aina nyingine za miti ya mikoko. Ukifika kwenye mkoko wenyewe, ile mizizi ya magongo inaweza kuanzia juu ya kichwa chako, na hapo kanuni ni kupanda hadi mzizi wa juu kabisa, uongeze sentimita 30, ndipo uzungushe mkanda. Siku yangu ya kwanza sikuelezwa hilo. Nilipima mizizi asubuhi nzima, nikaandika miti myembamba tisa mahali palipokuwa na mti mmoja.

Aliyeniokoa hakuwa mtaalamu. Alikuwa mzee wa kijiji, sisi tunamwita Babu, ambaye ujanani alikata mikoko ya kupakia majahazini mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Babu hajui sentimita na hazitaki. Anajua fito, pau, mazio, boriti, nguzo, yaani madaraja ya wakataji tangu mti mwembamba hadi mnene. Akiutazama mti tu anakwambia "hii mazio". Kijana wa chuo aliyekuja kutufundisha alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akasema tujaribu. Tukachukua miti 20, Babu anataja, sisi tunapima nyuma yake. Pau ni kama sentimita 4 hadi 7 hivi, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5. Alikosea miwili. Na mmoja kati ya hiyo miwili tulipourudia tukakuta mkanda ulipita juu ya kifundo, kwa hiyo tuliokosea tulikuwa sisi.

Tangu siku hiyo fomu yetu ikaongezwa safu moja: daraja la mti kwa jina la wakataji. Ilionekana kama heshima ya kumfurahisha mzee. Baadaye ndiyo safu iliyotufaa kuliko zote, nitaeleza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mleta uzi hakuliuliza, na ndilo gumu. Visiki.

Msitu wa mikoko ni wa serikali, huku na huko kwenu Tanzania. Kukata bila kibali ni kosa. Na wanaokata si mashetani. Ni jirani, ni mjomba, ni yule aliyekukopesha ngalawa mwezi uliopita. Fomu inakutaka uhesabu visiki na useme kipi kipya kipi kikuukuu, na kisiki kipya cha mkoko hakijifichi, kinakuwa chekundu kama nyama. Miezi sita ya mwanzo kundi letu liliandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Watu wa mradi walifurahi. Picha za setilaiti nazo zilionyesha msitu uko kijani vilevile, kwa sababu mkata pau hafungui kitundu juu. Anaingia chini ya miti mikubwa, anachagua myembamba iliyonyooka, anatoka. Kutoka angani huoni kitu.

Nami nilikuwa miongoni mwa hao wa sifuri. Siku moja nilisimama na kisiki kati ya miguu yangu. Kilikuwa kibichi, na nilijua kimekatwa na nani, kwa sababu juzi yake shemeji yangu alikuwa anamjengea dada yangu jiko la nje na niliziona zile pau zimelala uani. Binti aliyekuwa anaandika akanitazama. Nikamwambia "sifuri". Akaandika.

Sikulala vizuri, lakini sisemi kwamba dhamira ilinisukuma nikaenda kutubu. Kilichotokea ni kwamba mama mmoja wa kundi, muuza samaki, asiye na subira na mtu, alisema kwenye kikao: "Hivi tunakwenda kuloa kila bamvua ili tuandike uongo?" Kimya. Kisha akauliza swali ambalo sisi wanaume wote hatukuwa tumelifikiria: hii fomu ina pa kuandika jina la mtu? Haina. Basi mnaogopa nini?

Tulichoogopa ni kwamba taarifa ingekwenda moja kwa moja kwa askari wa msitu ikiwa na mahali halisi, na asubuhi yake watu wangefuatwa. Tukaketi na mradi tukakubaliana: tunaandika kila kisiki, aina ya mti, daraja, upya wake. Ila kinachotoka nje ya kijiji ni jumla ya eneo zima, hakitoki kipimo kimoja kimoja na alama zake. Walikubali, ingawa haikuwa siku ileile. Ilichukua vikao vitatu.

Bamvua iliyofuata sifuri zikaisha.

Na hapo ndipo safu ya Babu ikafanya kazi. Ukiandika tu "visiki vimeongezeka", mkuu wa eneo atasema ongezeni doria. Lakini visiki vyetu karibu vyote vilikuwa pau. Babu akasema bila hata kuangalia karatasi mara ya pili: huyu si mfanyabiashara. Mfanyabiashara anataka boriti na nguzo, hawezi kuhangaika na jahazi la pau. Hizi ni nyumba za udongo, ni majiko, ni vijana wanaooa. Kwa hiyo dawa yake si askari, ni miti mingine ya kujengea. Tukapanda mivinje kwenye shamba la kijiji, kama walivyofanya watu wa kijiji cha Gazi kabla yetu. Mvinje unakua upesi, na ukikata pau ya mvinje hakuna wa kukuuliza. Ukataji haukwisha, nisikudanganye. Umepungua, na hatuandiki tena kwa kufumba macho.

Hilo la miche nalo nilimalize upesi. Mwaka mmoja walikuja wageni, siku ya maadhimisho, muziki, fulana, wakapanda mikoko kwenye tope tupu nje kabisa, mbele ya mstari wa mililana. Babu aliwaambia hapo ni pa mlilana, mkoko mkiuweka hapo utakunywa maji mpaka ufe. Hakusikilizwa, kwa sababu tope tupu ndilo linalopendeza kwenye picha. Sisi tulibaki na kazi ya kuhesabu. Baada ya mwaka, kwenye eneo tulilolitia alama lenye miche 400, iliyokuwa hai ni 31, na hiyo nayo imejaa vile vikombe vidogo vigumu vinavyoganda kwenye matumbo ya ngalawa. Waliopanda walikuwa wameshatangaza idadi waliyopanda. Idadi iliyoishi ilibaki kwenye daftari letu. Ndiyo maana nasema mtu wa kuhesabu mwaka wa pili ana maana kuliko mia wa kupanda siku ya kwanza, hata kama hapigwi picha.

Wapo waliosema hapo juu kwamba namba hizi zinawasaidia wazungu tu. Inategemea. Nenda Gazi, hapa Kwale, si mbali na mpaka wenu. Mikoko yao ilikatwa vibaya miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda, na watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, wakaanza kupanda upya na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi wao, Mikoko Pamoja, hekta 117, wanaouza hewa ya kaboni kama tani 3,000 kwa mwaka, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaishika. Pesa zinakwenda kwenye maji na shule, na wanaoamua zitumikeje ni wanakijiji kwa mikutano. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu, pale mpakani kabisa, wamefuata njia hiyohiyo na hekta 460 hivi. Sasa mnunuzi wa kaboni hanunui maneno. Anataka vipimo vinavyoonyesha msitu umeshika kaboni kiasi gani, na vipimo hivyo havipatikani mpaka mtu aingie topeni na mkanda.

Lakini usiingie ukidhani kila anayepima anauza kaboni. Wengi hawauzi, mradi wetu hauuzi, na mtu akikuahidi pesa za hewa siku ya kwanza mwogope.

Kutumiwa kupo, sikatai. Kabla ya mradi huu alikuja mtu kufanya utafiti wa shahada yake. Tulimtembeza miezi minne. Wake zetu walimwonyesha tondo, konokono wa topeni, wanapopatikana na kaa koko wanapojificha, kila kitu akaandika. Akaondoka. Hatukuona hata karatasi moja. Miaka miwili baadaye mtu wa ofisi fulani alitujia na ramani ya ghuba yetu akitueleza sisi tondo wako wapi. Kina mama walicheka mpaka machozi, kisha wakakasirika, na hasira ile ilitugharimu: mradi huu wa sasa ulipokuja, miezi mitatu hakuna mwanamke aliyejiandikisha.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Pangani, chai na nauli si kipimo. Waulize mambo mengine. Daftari linabaki kwa nani? Sisi tunaandika kwenye karatasi kwanza, simu baadaye, na karatasi haitoki kijijini. Simu ya mradi ikiharibika au mradi ukiisha, miaka yetu yote iko kwenye kabati la ofisi ya kijiji. Matokeo yanarudi lini na yanasomwa wapi? Usikubali "tutawatumia ripoti". Ripoti inakuja kwa Kiingereza kurasa 60. Sema mnataka mtu aje asimame kwenye mkutano wa kijiji, aseme kwa Kiswahili, aulizwe. Na visiki vikionekana, taarifa inakwenda kwa nani? Wakijibu hilo la tatu kwa kubabaika, msianze mpaka lieleweke, kwa sababu mtaandika uongo kama tulivyoandika sisi, na uongo huo mtauandika kwa upole kabisa, kwa kuwalinda watu wenu.

Na mtafuteni mkataji wenu mzee mapema. Yupo, kila kijiji cha pwani kina wake. Atakuwa anaogopa kwamba mmekuja kumshitaki kwa mambo ya miaka 40 iliyopita. Mpeni kazi ya kutaja, siyo ya kubeba kamba.

Mtu mmoja hapo juu ameuliza kama wanawake wanaweza. Kwetu sasa ni wengi kuliko wanaume, na daftari lao ni safi zaidi. Wamezoea kusoma maji kwa sababu ya kuokota tondo na kuvua kamba wa baharini, hawahitaji jedwali.

Mwisho, viatu. Watakupa gambuti. Zikatae, tope linazivua na unabaki kuzitafuta kwa mikono huku maji yanajaa. Vaa raba za kamba kuukuu, uzifunge hadi zikubane, na soksi ndefu ndani, kwa sababu chaza kwenye mizizi wanakata kama wembe. Na mafuta ya nazi mikononi na shingoni kabla ya kuingia. Hayawazuii mbu sana, lakini tope linatoka kirahisi ukirudi.