Maswali na majibu: Shoti 46 kwa kichekesho cha dakika mbili?

Swali: Mimi na wenzangu watatu tunataka kurekodi kichekesho cha dakika 2 na sekunde 20. Daktari wa uongo anamtibu mgonjwa huku akichungulia kitabu cha mwongozo alichokificha mapajani, chini ya meza. Mwishoni mgonjwa anainuka na kukiona. Tuna simu moja, tripodi moja na siku moja ya kurekodi. Nilifuata somo linalosema engo ibadilike kila sekunde 3, la sivyo mtazamaji anapitiliza, nikaandaa orodha ya shoti 46. Nimeambatanisha orodha na skripti. Je, shoti hizo zinatosha? Na nizipange vipi tusipoteze muda?

Jibu: Ndugu yangu, zinatosha na kubaki. Nimeisoma orodha yako yote, na kabla sijafika shoti ya kumi nilishajua hiyo 46 imetoka wapi: sekunde 140 gawanya kwa 3. Hukuhesabu vicheko, umehesabu saa. Maswali ya namna hii yananifikia kila mara, inayobadilika ni idadi tu, na nyuma ya kila moja yupo mtu aliyekwisha kusema kwa kujiamini kabisa kwamba komedi ni kukatakata.

Muda kwanza, maana hapo hesabu haina ubishi. Kwa simu moja, kuhamisha tripodi, kuweka fremu, kukagua mwanga, kufanya zoezi na kurekodi mara mbili tatu, hata mkiwa wepesi mtatumia dakika 12 kwa kila shoti. Zidisha kwa 46: dakika 552, yaani saa 9 na dakika 12, bila mtu kula wala kwenda msalani. Muda huo ukielekea ukingoni, anayecheza mgonjwa atakuwa ameshausikia kila mzaha mpaka umemtoka masikioni, na uso wake hauna tena kitu. Uso huo ndio mnaoutegemea.

Ila muda si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uko kwenye shoti namba 1: "Kitabu mapajani, karibu sana, jina la kitabu lisomeke." Nikafungua skripti, nikakuta mgonjwa anakigundua kitabu ukurasa wa pili, karibu na mwisho, na pembeni mmeandika "mshangao mkubwa." Mshangao wa nani? Mtazamaji amekiona kitabu tangu sekunde ya kwanza.

Kukionyesha mapema si kosa. Kosa ni kutochagua. Skripti yenu ina vichekesho viwili tofauti vilivyolaliana. Katika cha kwanza, mtazamaji anajua na mgonjwa hajui: kila daktari anapoinamisha macho tunacheka, kwa sababu maskini mgonjwa anadhani bwana mkubwa anatafakari. Hapo kamera lazima ituonyeshe kitabu na uso wa mgonjwa anayeamini, vyote kwa pamoja, ndani ya fremu moja. Katika cha pili, mtazamaji ni kipofu sawasawa na mgonjwa: kamera inakaa upande wa mgonjwa, ukingo wa meza unaficha mapaja, tunamwona daktari akiinama na kuibuka na maneno mazito mazito, tunajiuliza huyu ana nini. Kisha mgonjwa anainuka, na tunakiona kitabu pamoja naye, mara moja tu. Ukichagua njia moja, karibu kila shoti ya njia nyingine inakufa. Orodha yako imezifuata zote mbili: kitabu kipo shoti ya 1, ya 9, ya 17, halafu ya 41 umeiita "ufunuo."

Kwa skripti yenu mimi ningechukua njia ya kwanza. Mizaha ya daktari kuchungulia ni mingi na ni mizuri, na haina maana yoyote kama hatujui anachungulia nini. Mwisho bado utafanya kazi, ila kwa kazi nyingine: hatutashangaa kitabu, tutakuwa tunasubiri tuone mgonjwa atafanya nini.

Sasa chukua skripti na kalamu nyekundu, utie alama kila mahali unapotaka mtu acheke. Mimi nimepata sehemu saba. Kando ya kila alama andika lazima mtazamaji aone nini ili kicheko kitoke, na wakati huo awe anajua nini ambacho mhusika hakijui. Engo inakuja baada ya hapo, na mara nyingi inajichagua yenyewe.

Mfano ni ule mzaha wa stethoskopu, ambao ndio bora kuliko yote mliyoandika. Daktari anajiwekea stethoskopu kifuani mwake mwenyewe, anasikiliza kwa makini, kisha anamwambia mgonjwa, "Moyo wako mzima kabisa." Wewe umeugawa shoti tano: mkono unachukua stethoskopu, masikio, kifua, uso wa daktari, uso wa mgonjwa. Katika shoti ya kifua, kwa ukaribu huo, nani atajua ni kifua cha nani? Mzaha wote ni kwamba kifua siyo chenyewe, na hilo linaonekana tu kama watu wote wawili wako kwenye fremu, kuanzia kiunoni kwenda juu, bila kukata. Shoti moja. Mgonjwa akitazama kifua chake, halafu akitazama cha daktari, halafu akaamua kunyamaza, umemaliza.

Vichekesho vya mwili vimekuwa hivyo tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Katika filamu ya Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia mchekeshaji Buster Keaton, naye anabaki amesimama kwa sababu alikuwa pale pale uwazi wa dirisha ulipopita. Unamwona mtu mzima na ukuta mzima katika shoti moja pana. Ingekatwa vipande, kuanguka kwa ukuta huku na Keaton kule, mtu angesema wamedanganya na kuendelea na shughuli zake.

Jambo la pili ninaloliona kila siku ni majibu ya uso. Umeandika "mgonjwa anashangaa" mara kumi na moja, kila moja sekunde 2. Mtu ukimwelekezea kamera ukamwambia "shangaa," anatoa macho na kufungua mdomo. Huo ni uso wa kwenye bango. Uso unaochekesha ni wa mtu anayesikiliza upuuzi kwa heshima, na haupatikani kwa amri. Mrekodi mgonjwa peke yake, kifua kwenda juu, kwa eneo lote, yaani mchezo mzima wa chumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusimama, huku anayecheza daktari akikaa karibu kabisa na lenzi na kusema maneno yake yote kwa nguvu ile ile. Ndani ya teki moja ya namna hiyo, yaani rekodi moja tangu kuwasha kamera hadi kuizima, utapata majibu kumi na moja ya kweli, na mengine ambayo hukuyaandika. Ila hapo kila mmoja amsubiri mwenzake amalize kusema. Kwenye shoti pana wanaweza kukatizana wapendavyo. Kwenye shoti za mtu mmoja mmoja, sauti zikipandana hutaweza kukata popote.

Kwa hiyo mpango wako unakuwa hivi. Shoti pana ya wawili, eneo zima. Mgonjwa, eneo zima. Daktari, eneo zima. Stethoskopu. Kitabu kwa karibu, kurasa zikigeuzwa, mara mbili. Mgonjwa anainuka, pana. Mlango kufunguliwa mwanzoni. Ongeza mbili za akiba, jumla tisa. Mkibaki na saa nzima mkononi, rudieni ya mgonjwa.

Msirekodi kwa mfuatano wa skripti. Anzeni na ile pana, ili kila mtu ajue anakaa wapi na kikombe kiko mkono gani, kisha maliza shoti zote zinazomtazama mgonjwa kabla ya kugeuza kamera na taa kwenda kwa daktari. Vya karibu vya kitabu ni vya mwisho kabisa, havihitaji uso wa mtu. Funga fokasi (ukali wa picha) na mwangaza kwenye simu kabla ya kila teki, visibadilike vyenyewe, na acha kamera iende kama sekunde 5 kabla ya neno la kwanza na baada ya la mwisho.

Kuna kosa moja la ramani. Shoti ya 12 iko upande wa dirishani na ya 13 upande wa mlangoni. Ukizibandika pamoja, daktari na mgonjwa watakuwa wanatazama upande mmoja, kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu. Chora chumba kana kwamba unakitazama kutoka darini, piga mstari kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo siku nzima.

Hukuniambia kama video ni ya wima au ya mlalo. Amua leo. Usirekodi mlalo ukidhani utakata baadaye: kwenye video ya 1920 kwa 1080, kipande cha wima cha 9 kwa 16 kinakuachia upana wa pikseli 607 hivi, na watu wawili waliokaa pande mbili za meza hawaingii humo. Kama ni wima, basi una bahati. Weka kamera juu kidogo nyuma ya bega la daktari: kitabu mapajani chini ya fremu, uso wa mgonjwa juu yake. Fremu ya wima ilikuwa inasubiri mzaha wenu. Mhakikishe tu engo hiyo nayo iko upande ule ule wa mstari.

Nirudi kwa huyo aliyekufundisha sekunde 3. Simjui, ila nawajua wenzake. Wanauza orodha za shoti zilizoandaliwa tayari, eti jaza jina la mhusika tu, na hawajawahi kuiona skripti yako. Orodha iliyoandikwa kabla ya mzaha itajuaje mzaha uko wapi? Ni kama daktari wenu wa uongo, dawa ameshaandika na mgonjwa hajafika. Wengine wanakuuzia programu inayokata kimya chote yenyewe, uokoe muda wa kuhariri. Kwenye somo la kupika sawa. Kwenye komedi, ule ukimya baada ya "moyo wako mzima kabisa" ndio uliowafanya muandike skripti, na programu hiyo inauona kama taka. Nimeshaletewa kazi za namna hiyo, maneno yamebanana mpaka mtazamaji hana pa kucheka, halafu mwenyewe anaomba aongezewe sauti za watu wakicheka.

Tena kuna lile la "rekodi engo zote, utachagua kwenye uhariri." Mhariri anachagua katika vilivyopo. Kama hakuna teki hata moja ambamo mgonjwa alinyamaza sekunde mbili, siwezi kukutengenezea huo unyamavu. Nitagandisha picha, na kila mtu ataona nimegandisha. Mwenye engo nyingi huwa ana teki fupi fupi, kila moja imekatishwa pale pale uso ulipoanza kufikiri.

Akija mtu kukuuzia kanuni ya aina yoyote, ya sekunde, ya shoti au ya sauti, mwombe akuonyeshe kichekesho chake kimoja kilichokamilika pamoja na teki zake ambazo hazijakatwa. Aliyepanga atakuonyesha bila shida, na utaona mzaha uko hai kabla haujaguswa. Mwingine atakutumia kiungo cha kulipia kozi.